Isale Lililoliwa na Mbuzi

Juzi nilikuwa Majengo kwenye arobaini ya Sajenti Tatu. Nasema Sajenti kwa mazoea tu, maana alistaafu zamani na majirani walimwita Bi Tatu, lakini kwangu atabaki sajenti mpaka nami nifukiwe. Nilivua viatu mlangoni, nikajitanda khanga, nikakaa kwenye mkeka na kina mama wengine, na kabla sijamaliza kuitikia salamu nikasikia sauti uani inamfokea mtu kuhusu kuni mbichi. Nikasimama. Sauti ile naijua. Mara ya kwanza niliisikia kwenye chumba kidogo cha polisi, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba nusu ya maneno nilikuwa nayaokota kwenye midomo. Alikuwa Esta. Sasa ni mama mzima, mikono imejaa, kilemba amekifunga kwa nyuma, na sufuria tatu za pilau zilikuwa chini ya amri yake. Aliponiona alisema tu, “Afande Haika, kaa hapo, usinichanganyie hesabu ya mchele,” akageuka kuendelea kufoka. Nikakaa kwenye kigoda karibu na moshi, macho yakaniwasha, nikapata kisingizio kizuri cha kulia.

Watu wakisikia nimefanya kazi ya kupambana na biashara ya kusafirisha binadamu hudhani nitawasimulia malori na njia za panya mpakani. Nimeyaona hayo baadaye. Lakini kesi iliyonifundisha kazi haikuvuka hata mpaka wa mkoa. Ilianzia kambi ya wakata miwa kule chini, ikaishia kwenye chumba cha kupanga hapa hapa Majengo, mwendo wa pikipiki usiotosha hata kuchoka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, konstebo mwenye buti mpya na maneno mengi, na ulikuwa mwaka wangu wa kwanza kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Dawati lenyewe lilikuwa chumba kilichokuwa stoo ya baiskeli za wizi. Walikipaka rangi ya bluu ya bei rahisi iliyokuwa inashika kwenye mikono ya sare, wakaweka meza, viti vitatu, mkeka na mwanasesere asiye na mkono, lakini harufu ya mpira wa matairi haikutoka mwaka mzima. Ukifunga mlango kuna joto, ukifungua kila anayepita kwenda kaunta anakuchungulia. Sajenti Tatu aliufunga, akatundika khanga dirishani, akasema joto halijaua mtu bali aibu imeua wengi.

Alikuwa mtu wa Majengo wa kuzaliwa, mfupi, mweusi wa kung'aa, na kila asubuhi alikuja na kikapu: chapati, maharage ya nazi, chupa ya chai ya tangawizi. Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba hakuna binadamu anayeandikwa maelezo akiwa na njaa. Ya pili lilikuwa swali moja. Mimi nilitoka chuoni na orodha ndefu ya maswali, jina, umri, kabila, ulifikaje, nani alikuleta, na wasichana walikuwa wananijibu kwa uongo uliopangika vizuri kama mtihani. Yeye alingoja mtu amege kipande cha pili cha chapati, ndipo anauliza kama anaulizia habari za jirani: huko ulikokuwa, nani alikuwa anapakua? Nilimcheka kimoyomoyo. Akanieleza siku moja tukiwa tunaosha vikombe. Mtu anaweza kudanganya jina na umri, alisema, lakini hakuna anayejiandaa kudanganya habari za sufuria. Mtu huru akipika anajipakulia. Mwenye bwana anapakuliwa, au anangoja wote wale, au analetewa kama mgonjwa wakati hana ugonjwa. Mjue mpakuzi, umemjua mwenye nyumba.

Basi wakubwa wakataka mji usafishwe. Neno lilikuwa hilo hilo, kusafisha, utadhani wanawake ni maganda ya ndizi sokoni. Saa tisa alasiri tuliingia Majengo na karandinga, na nisiwe mnafiki, nilikwenda nikiwa na furaha. Nilikuwa binti wa Kichagga, Mlutheri wa mlimani, niliyefundishwa vizuri, na niliamini kila changudoa amejitakia. Tuliwatoa wanawake kumi na mmoja kwenye vyumba vya uani nyuma ya kilabu kimoja. Kumi walitutukana mpaka nikajifunza maneno mapya. Wa kumi na moja alipanda karandinga mwenyewe, akakaa sakafuni ilhali benchi lina nafasi. Hapo ndipo Sajenti Tatu, aliyekuwa amekuja shingo upande, alinigusa kiwiko akasema huyu ni wetu.

Alisema anaitwa Jeni. Siku ya pili, baada ya chapati tatu, akasema anaitwa Esta, ana miaka kumi na tisa, baba yake ni Mzee Zabroni, Muha wa Kasulu anayekata miwa kambini. Tukampelekea baba ujumbe, ambao baadaye tulijua haukumfikia. Lakini nani alimtoa kambini akamfungia kwenye kile chumba, hapo kimya. Si kwamba alikuwa hajui. Aliapishwa. Aliyempeleka alimshikisha Biblia siku ya kwanza, akamwapisha kwamba hatalitaja jina lake mbele ya mtu yeyote, na akiapa uongo atakayelipa ni mdogo wake wa kike aliyebaki nyumbani. Esta alikuwa mtu wa kiapo. Nilimpandishia sauti, nikambembeleza, nikamsomea sheria. Wapi. Sajenti Tatu akaniondoa kwenye kiti, akakaa yeye, akamimina chai. Nani alikuwa anapakua?

Esta alifikiri, akaona kwamba kiapo hakikugusa chakula. Akasema hakuna aliyepakua, kilikuwa kinaletwa kwenye hotipoti. Mtori, mara nyingi, mzito, wa ndizi mshare. Yeye kazi yake ilikuwa kuosha ile hotipoti na kuiweka mlangoni ichukuliwe. Hotipoti ikoje? Ya maua ya bluu. Na chini, kwenye kitako, kuna msalaba wa rangi ya kucha nyekundu na matone mawili pembeni. Aliuchora kwa kidole mezani, msalaba na matone mawili, taratibu, maana ndicho kitu alichokitazama kila siku kwa miezi minne.

Kalamu ilinianguka. Kwetu mlimani kina mama wa kanisa huweka alama kwenye vyombo vyao kwa rangi ya kucha, ili msiba au sherehe ikiisha kila mtu apate chake bila ugomvi, na alama ya mtu inajulikana kama sahihi yake. Mama yangu ana duara. Shangazi ana mistari mitatu. Msalaba na matone mawili ni wa Mama Ndeshukuru, mzee wa kanisa, aliyenifundisha nyimbo za Shule ya Jumapili, ambaye hotipoti yake hiyo hiyo ya maua ya bluu iliazimwa kubeba mtori siku ya kipaimara changu. Nililia mle chumbani mbele ya mtuhumiwa na mbele ya bosi wangu, na Sajenti Tatu akanipa kona ya khanga yake bila kuuliza. Kisha akauliza.

Tulimwita Mama Ndeshukuru. Alikuja amevaa sare ya umoja wa kina mama, akanishika mashavu, akaniambia nimekonda. Alisema yeye huuza mtori kwa watu wengi mjini, na hotipoti huazimwa, nani asiyejua. Huwasaidia mabinti kupata kazi za ndani, ndiyo, hata mchungaji anajua. Alizungumza kwa upole mpaka nikaanza kujishuku mimi. Tukamwachia kwa sharti la kuripoti kituoni. Mkuu wetu wa upelelezi, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa mtu wa haraka, akasema alama ya kucha si ushahidi. Alitupa mpaka Ijumaa. Kama binti hasemi, anarudishwa kwa wenzake na anapanda kizimbani kwa uzururaji, na jalada la mama linafungwa. Wale kumi wengine walikuwa wameshapandishwa Jumatano, bila hata mmoja kuulizwa nani alikuwa anampakulia. Hilo linaniuma mpaka leo, na sitaki kulipamba.

Alhamisi asubuhi akaja mzee mmoja amevaa koti kubwa, shemeji yake Mama Ndeshukuru. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa bila kukaribishwa. Akasema shauri limekwisha. Jana mama mwenyewe ameteremka kambini na isale na mbuzi, amepiga magoti kwa baba wa binti, na baba amepokea kwa mikono miwili. “Wewe ni mtoto wa mlimani,” akaniambia, “sina haja ya kukueleza.” Kweli hakuwa na haja. Isale ni lile jani refu tunalolipanda mipakani na makaburini, na kwetu aliyekukosea akikuletea hilo, hukatai. Nimewaona ndugu waliokatana mapanga kwa sababu ya shamba wakala sahani moja kwa sababu ya isale. Anayelikataa anajiletea balaa nyumbani, na anayelipokea kisha akaendelea na ugomvi ni mbaya kuliko aliyekosa. Mzee alipotoka nilichukua penseli nikaandika juu ya jalada, wamesuluhishana. Nilikuwa nimekata tamaa, lakini nitasema na lingine la aibu: kuna sehemu yangu ilishusha pumzi.

Sajenti Tatu aliingia na kikapu, akasoma, akaniuliza maana yake nini. Nikamweleza habari ya isale kirefu, kwa heshima zote. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, “Huyo baba ni Mchagga?” Nikasema hapana, Muha. Akauliza nani alimweleza baba maana ya hilo jani. Akatwaa raba, akafuta penseli yangu mpaka karatasi ikapauka, akasema vaa kofia twende.

Kambini wakati wa kuchoma miwa majivu meusi huanguka kila mahali, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye chai, kwenye nywele. Mzee Zabroni alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, mweusi wa masizi, macho mekundu, mrefu na mpole. Watu wa pale wametoka kila pembe ya nchi na mtu hujua lugha ya jirani yake kwa salamu tu. Hakukubali tuongee kabla ya kula, na Sajenti Tatu akanitazama kama kusema unaona, huyu ni mtu wangu. Tukala ugali wa muhogo na dagaa ndani ya chumba chenye kitanda kimoja na kalenda tatu, na mdogo wake Esta akatupakulia, kisha akajipakulia na yeye akakaa. Niliona. Nilikuwa nimeanza kuona. Baada ya kunawa nikamwuliza baba, kwa sauti ya chini inayofaa jambo kama hilo, lile isale ameliweka wapi.

Hakunielewa. Nikaeleza, jani refu, la kijani, alilokuja nalo yule mama.

“Ahaa,” akasema, “yale majani ya mbuzi?” Akatuonyesha nje. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya kibanda cha kuku, ameshiba, na miguuni pake kilikuwa kimebaki kipande cha isale chenye urefu wa kidole. Mzee Zabroni alidhani ni chakula cha njiani. Akaomba radhi kama ilikuwa dawa. Sajenti Tatu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nilicheka, kisha nikaacha, maana hata kama mbuzi wa kwetu huyala kila siku, lile halikuwa la kuliwa.

Lakini isale halipelekwi na mdomo mtupu. Hili shemeji alilisahau, nami nililisahau kwa hofu yangu. Anayelipeleka ni lazima alitaje kosa, lote, kwa sauti, mbele ya watu, la sivyo msamaha haushiki. Na Mama Ndeshukuru, Mungu amsaidie, alikuwa anaamini kweli. Alipiga magoti kwenye vumbi lile akasema yote, majirani wa mlango wa kulia wakisikia na wa mlango wa kushoto wakisikia. Mzee Zabroni aliyarudia polepole huku mimi naandika: kwamba yeye ndiye Mama Ndeshukuru, ndiye aliyemchukua Esta, alisema anampeleka mtaa wa Soweto, hapa hapa mjini, kulea mtoto, na hakumpeleka Soweto. Akasema alikompeleka na alichomfanyia. Akasema anaomba yaishe. “Nikamwambia samahani nimeisikia,” alisema Mzee Zabroni. “Sasa mtoto yuko wapi? Akasema nimtoe polisi turudi Kasulu, tusionekane tena hapa. Nikaona huyu mama haombi samahani, anaomba tuondoke.”

Tulichukua maelezo ya majirani wawili. Tulirudi mpaka tukafika lami. Hapo Sajenti Tatu akasema jani ni la kwetu, si la kwao Majengo, na yeye hana neno juu yake. Maelezo yangu yakiingia jaladani, watu wa mlimani watasema nimeliuza isale mahakamani. Nikitaka, ataandika yeye, jina langu lisionekane. Nilifikiri habari ya mama yangu, kiti chetu kanisani, jirani zetu. Nikamwambia nitaandika mwenyewe. Sikuwa shujaa. Nilikuwa nimekasirika kwamba nilikuwa karibu kumfungia binti wa watu mlango kwa penseli.

Esta alikuwa kwenye kile chumba cha bluu, amekaa kwenye mkeka. Nilimwambia yote, hata ya mbuzi. Hakucheka. Akauliza, “Amejitaja jina mwenyewe?” Nikamwambia amejitaja, mbele ya baba yake na majirani. Akalipima lile kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Kisha akauliza swali ambalo mimi mtoto wa mlimani, niliyezaliwa katikati ya masale, sikuwa nimejiuliza tangu asubuhi.

“Mbona mimi hakuniletea?”

Hakungoja jibu. Alilitaja lile jina, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti ya kawaida, na baada ya hapo hakunyamaza mpaka chai ikapoa kwenye chupa. Niliandika kurasa kumi na nne. Ijumaa saa mbili jalada lilikuwa mezani kwa mkuu, naye akalisoma akiwa amesimama, akasema kalete huyo mama.

Nilimkuta kanisani anapanga maua ya Jumapili. Nikasema shikamoo, mama. Akasema marahaba, mwanangu, kisha akaona pingu. Hakupiga kelele. Alinitazama kwa huzuni ya kweli, maana kwa macho yake mimi ndiye niliyekuwa navunja kitu, akasema, “Hata isale, Haika?” Nikamjibu kwamba isale alilipeleka kwa baba, na Esta anauliza lake liko wapi. Aliweka maua chini. Sijui kama alilielewa siku ile. Mahakamani Esta alisimama akasema yote kwa ile sauti ya kawaida, wakili wa upande wa pili akamwandama nusu siku, hakumtikisa, na Mama Ndeshukuru akafungwa.

Krismasi ile nilipanda nyumbani kama Wachagga wote. Uani kulikuwa na mbuzi wa ndafu, kiburu cha ndizi na maharage, pombe ya mbege, na kina mama wote waliokuwa na alama zao chini ya vyombo. Shangazi alipakua. Alimpakulia kila mtu, wakubwa, watoto, mgeni aliyekuja na mgeni mwingine, akanipita mimi kama napitwa na upepo. Mama yangu akatazama chini. Nilikaa na mikono mitupu. Kisha nikainuka, nikachukua sahani, nikaenda kwenye sufuria, nikajipakulia, nyama nzuri kabisa, nikarudi nikala mbele yao mpaka nikamaliza. Ilichukua miaka kabla shangazi hajanipa tena sahani kwa mkono wake. Nimepanda vyeo tangu hapo, nimefundisha makonstebo wengi, na katika msako wowote niliousimamia hakuna mwanamke aliyekwenda kizimbani kabla hajala na kuulizwa swali la Sajenti Tatu. Wengine hunicheka kimoyomoyo. Nawaacha.

Juzi uani kwa marehemu dua iliisha, masinia yakapangwa, wanaume wakaanza kukohoa kule mbele kwa njaa. Esta alifunua sufuria ya kwanza, mvuke ukampanda usoni. Nilidhani ataanza na sinia la mashehe. Badala yake alichukua sahani moja ya bati kutoka kwenye mfuko wake mwenyewe, akapakua pilau, akachagua nyama mbili, akaongeza kachumbari, akafunika kwa sahani nyingine na kuiweka pembeni juu ya kigoda. Msaidizi wake, msichana mgeni kazini, akauliza hiyo ni ya nani, kwa sauti ya mtu anayeona adabu imekosewa.

“Ya kwangu,” Esta alisema. “Huwa naanza na yangu.”

Akafuta mikono, akashika upawa, akaanza kuwapakulia watu.